Kufunga Matairi ya 11.00R20 kwenye Ringi za Lori la Jeshi M35A2: Mwongozo Kamili wa Kazi ya Nyumbani

Ringi ya M35A2, lori la Jeshi la Marekani, ina vipande viwili tu. Kipande cha kwanza ni ringi yenyewe, ambayo upande mmoja ina ukuta wa kudumu na upande wa pili ina mfereji mwembamba unaoizunguka. Kipande cha pili ni pete ya chuma iliyokatwa mahali pamoja, ambayo hupachikwa kwenye mfereji huo baada ya tairi kuvishwa, na ndiyo inayolizuia tairi lisichomoke. Hakuna bolti inayoishika pete hiyo. Inajishika yenyewe kwa mkazo wa chuma chake, na upepo unapoingia ndani ya tyubu, tairi huisukuma ikakaa imara zaidi mahali pake, mradi imekaa sawasawa tangu mwanzo. Dereva au utingo yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kuhangaika na matairi ya 10.00-20 kando ya barabara anaijua pete ya namna hii, kwa hiyo msomaji asidhani kwamba jina la jeshi limeleta teknolojia mpya. Limeleta chuma kinene zaidi na kutu ya miaka mingi zaidi.

Kabla ya jambo lolote, tupige hesabu moja. Tairi la 11.00R20 (11.00 ni upana wake kwa inchi, R ni radiali, 20 ni ringi) lina kipenyo cha takriban milimita 1,085, na ringi yake ina kipenyo cha inchi 20, yaani milimita 508. Eneo la ubavu mmoja wa tairi, kuanzia ukingo wa ringi hadi nje, ni kama mita za mraba 0.72. Ukichukulia kwamba nusu tu ya msukumo wa upepo kwenye eneo hilo inaangukia pete, na kwamba umejaza PSI 70 (pauni 70 kwa kila inchi ya mraba), pete hiyo moja inazuia nguvu inayokaribia uzito wa tani 18. Ndiyo maana nasema mapema kwamba kufunga matairi haya nyumbani ni kazi ya jasho ambayo mtu mwenye subira anaiweza, isipokuwa hatua moja: kujaza upepo. Hatua nyingine zote zinaumiza mgongo na vidole, lakini ile moja inaua, na utaratibu wote ulioelezwa hapa umepangwa kwa ajili yake.

Kuchagua tairi

Familia ya M35 ilibuniwa na kampuni ya REO ya mjini Lansing, Michigan, na ikaanza kutumiwa na Jeshi la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. Toleo la A2, ambalo kwa miaka mingi ndilo lililojaa kwenye minada ya mali chakavu za serikali ya nchi hiyo, lina magurudumu kumi ya 9.00-20: mawili mbele, na manane nyuma yaliyopangwa pacha kwenye ekseli mbili. Matairi ya asili yana kashata (meno ya mpira yanayoshika ardhi) nene zilizopangwa ili zishike tope vilevile gari likienda mbele au likirudi nyuma. Kwenye tope jepesi yanafaa, ila kwenye lami yananguruma, na kwenye lami yenye maji hayana urafiki na mtu.

Wamiliki wengi wanaotaka gari lililoinuka zaidi na lenye mwendo laini huhamia 11.00R20, ambalo kipenyo chake kinazidi lile la asili kwa takriban asilimia 5 na ambalo linaingia kwenye ringi ya inchi 20 bila kukata chuma chochote. Jeshi lenyewe lilikwenda mbali zaidi miaka ya 1990 lilipotengeneza toleo la A3, likaondoa pacha na kuweka matairi mapana ya 14.5R20 pamoja na mfumo wa kurekebisha upepo kutoka ndani ya kabini. Matairi hayo, hata hivyo, yana ringi zake pana, na kuyalazimisha kwenye ringi za A2 ni kosa ambalo hakuna ufundi unaoweza kulirekebisha.

Upana wa ringi ndio unaoamua. Ringi za A2 kwa kawaida zina upana wa inchi 7.5, na kipimo hicho kimegongwa kwenye chuma. Kisome wewe mwenyewe baada ya kukwangua rangi, usimwamini muuzaji. Kisha tafuta jedwali la mtengenezaji wa tairi unalokusudia kununua, uangalie ringi anazoziruhusu. Kwa 11.00R20, upana unaotumiwa kupimia tairi ni inchi 8.0. Baadhi ya watengenezaji wanaruhusu 7.5 na wengine hawairuhusu. Kama 7.5 haimo kwenye jedwali, tafuta tairi lingine au ringi nyingine, kwa sababu ukingo wa tairi uliobanwa kwenye ringi nyembamba haukai ulivyokusudiwa, na tumekwisha kuona ni nguvu gani inayosubiri pale ukingoni.

Jambo la pili ni zile pacha za nyuma. Nafasi kati ya gurudumu la ndani na la nje ilipimwa kwa ajili ya 9.00-20. Tairi la 11.00R20 lina ubavu wenye upana wa karibu milimita 290, na mabavu mawili ya namna hiyo yakikaa pacha kwenye nafasi ile yatagusana gari likibeba mzigo, yatasuguana, yatapata joto, na mwisho yatapasuka. Kwa hiyo anayehamia 11.00 kwa kawaida huacha pacha na kubaki na gurudumu moja moja nyuma, jumla sita. Wengine hugeuza habu za nyuma ili magurudumu hayo yafuate mstari mmoja na ya mbele, na matokeo yake ni mazuri sana kwenye mchanga, lakini hiyo ni kazi ya siku nyingine. Ukiacha pacha, ujue kwamba umepunguza uwezo wa gari kubeba mzigo. Uzito wowote unaoukusudia uugawe kwa idadi ya matairi yanayobaki, ukalinganishe na namba ya mzigo iliyoandikwa ubavuni. Kwa mfano, namba 150 maana yake ni kilo 3,350 kwa tairi moja likiwa na upepo wake kamili.

Jambo la tatu linawaumiza wale wanaotaka kununua matairi mawili mawili kadiri pesa inavyopatikana. M35A2 haina difu, yaani gia inayoziruhusu kuzunguka kwa kasi tofauti, kati ya ekseli zake mbili za nyuma. Zimeunganishwa moja kwa moja, na zinazunguka kwa kasi moja zikitaka zisitake. Ukiweka tairi kubwa kwenye ekseli moja na dogo kwenye nyingine, kila mzunguko unazikaza shafti hadi kitu kiteleze au kivunjike. Mbele nako, magari mengi ya toleo hili yana kifaa ndani ya gia ya kugawa nguvu ambacho huunganisha ekseli ya mbele chenyewe pale magurudumu ya nyuma yanapozunguka haraka kuliko ya mbele. Weka matairi makubwa mbele na madogo nyuma, na utakuwa umekidanganya kifaa hicho kiamini kwamba gari linateleza muda wote. Nunua sita kwa pamoja, na la saba la akiba, yote ya kipimo kimoja na yenye kashata za urefu unaokaribiana.

Kama ni matairi yaliyotumika, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyogongwa ubavuni: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la jeshi linaweza kuonekana jipya kabisa, hata vinyweleo vya mpira bado vimo, kumbe limekaa stoo miaka ishirini. Likunje kwa magoti kwenye ubavu, uangalie nyufa ndogondogo karibu na ukingo. Mwisho, nunua tyubu na flapu mpya, yaani ule utepe wa mpira unaokaa kati ya tyubu na ringi. Tyubu iwe ya radiali na iwe na kipimo cha 11.00 kilichoandikwa juu yake, na flapu iwe ya upana wa ringi yako. Flapu kuukuu iliyokunjamana ni chanzo cha pancha kinachojulikana sana, na bei ya mpya haifiki hata robo ya usumbufu wake.

Vifaa

Unahitaji jeki inayobeba tani 12 au zaidi, stendi imara, na vizuizi vya magurudumu. Unahitaji spana ya magurudumu yenye kichwa cha inchi 1½ kwa nati za nje na tundu la mraba la inchi 13/16 kwa nati za ndani za pacha, pamoja na bomba refu la kuongezea nguvu. Kwa tairi lenyewe tafuta mitaimbo miwili ya kufungulia matairi na kifaa cha kuachanisha ukingo wa tairi na ringi. Ongeza nyundo ya mpira, brashi ya waya, tochi, poda, na mafuta maalumu ya kuvishia matairi au sabuni nzito ya maji. Usitumie grisi, petroli wala oili ya injini. Grisi na oili hula mpira, na mvuke wa petroli ulionaswa ndani ya tairi ni bomu la pili juu ya lile la kwanza.

Vifaa vya upepo vinastahili sentensi yao. Unahitaji kizimba cha chuma cha kujazia matairi ya malori, mpira wa upepo wenye urefu wa kukuwezesha kusimama mbali na pembeni, kichwa kinachoing'ata vali bila kushikwa na mkono, na geji pamoja na koki vilivyofungwa upande wako wa mpira huo. Sheria ya usalama kazini ya Marekani inayohusu ringi za vipande, iliyotolewa mwaka 1980, inawadai waajiri vitu hivi hivi. Wewe unayefanya kazi uani kwako hakuna mkaguzi atakayekujia, lakini pete haijui kama umeajiriwa. Kama huna kizimba na hupati cha kukodi, fanya hatua nyingine zote mwenyewe, kisha pakia magurudumu yakiwa hayana upepo kabisa, uyapeleke kwa duka la matairi ya malori wakajaze wao. Nimefanya hivyo kwa magurudumu yangu mawili ya kwanza, na sikuona aibu yoyote.

Kuvua gurudumu kwenye gari

Egesha gari kwenye saruji au ardhi ngumu iliyo sawa, weka vizuizi, kisha utoe upepo wote kabla ya kugusa nati hata moja. Kutoa upepo maana yake ni kufungua kijisindano kilichomo ndani ya vali na kukichomoa kabisa, kisha kupitisha waya mwembamba kwenye vali kuhakikisha kwamba haikuziba kwa uchafu au barafu. Kwa pacha, toa upepo wa magurudumu yote mawili, la ndani na la nje. Sababu ni kwamba ringi yenye ufa inaweza kuwa imeshikiliwa na nati zenyewe, na siku utakapozilegeza upepo ukiwa ndani ndiyo siku itakapoachia.

Sasa nati. Upande wa kushoto wa gari hili una hesi za kushoto, yaani nati hulegezwa kwa kuzungushwa kuelekea kulia, kinyume na mazoea ya mkono. Kwenye vichwa vya bolti kuna herufi L au R. Futa tope uzione. Watu wazima wenye nguvu wamening'inia kwenye bomba la mita mbili nusu saa nzima wakiikaza nati waliyodhani wanailegeza. Zilegeze kidogo gari likiwa chini, kisha ndipo uinue kwa jeki na kuweka stendi chini ya ekseli. Kwa pacha, nati ya nje ikitoka, gurudumu la nje linavutwa, na ndani yake utakuta nati ndefu yenye kichwa cha mraba inayoshika gurudumu la ndani.

Gurudumu kamili linaweza kuvuka kilo 100. Usilibebe, liviringishe, na likianza kuanguka liache lianguke.

Kuachanisha tairi na ringi

Laza gurudumu, upande wa pete ukiwa juu. Hapa ndipo kutu inapodai haki yake. Ukingo wa tairi lililokaa miaka kumi na tano kwenye ringi umeshikamana nayo kama ukoko kwenye sufuria, na kuugonga ovyo kwa nyundo hakusaidii. Mwagia maji ya sabuni pande zote, acha nusu saa, kisha ingiza kifaa cha kuachanishia kati ya pete na tairi, ukigonga kidogo kidogo huku ukizunguka, kila mara sentimita kumi mbele, bila kung'ang'ania sehemu moja. Mzunguko wa kwanza hutaona chochote. Wa pili utasikia mlio mkavu kama wa kuvunja ukuni, na mpira utashuka milimita chache. Kuanzia hapo ni suala la subira.

Tairi likishuka, tafuta mahali pete ilipokatwa. Karibu na mkato huo kuna pengo dogo la kuingiza ncha ya mtaimbo. Ibana pete ipande juu kwa mtaimbo wa kwanza, ishikilie hapo, na ufuatishe mtaimbo wa pili sentimita chache mbele. Zunguka hivyo hadi pete yote itoke. Weka uso wako mbali, maana hata bila upepo pete ina mkazo wake na inaweza kuruka. Kisha geuza gurudumu, achanisha ukingo wa upande wa pili, na lisimamishe tairi ili ringi ichomoke. Moto hauna nafasi popote katika kazi hii. Usipashe ringi, usiichomelee, wala usiikate kwa gesi ikiwa na tairi juu yake, hata kama tairi halina upepo.

Kukagua chuma

Hatua hii ndiyo ninayoona watu wakiipitia kwa haraka, nami nimeipa jioni nzima kwa ringi sita. Safisha kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, hasa ndani ya ule mfereji wa pete. Angalia nyufa kuzunguka matundu ya bolti na kati ya tundu moja na jingine. Angalia mfereji kama kingo zake zimeliwa na kutu kiasi cha kuwa na meno. Pete ilaze juu ya sakafu iliyo sawa kabisa. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, imepinda, na dawa yake ni kutupwa. Pete haipigwi nyundo ikanyooshwa, haichomelewi, na haiazimwi kutoka ringi ya kampuni nyingine kwa sababu tu inaonekana kuenea. Alama na vipimo vilivyogongwa kwenye pete lazima vilingane na vya ringi.

Kwenye ringi zangu sita, moja ilikuwa na ufa ambao niliudhania mkwaruzo wa rangi. Nilipitisha ukucha ukanasa. Nilipokwangua zaidi ufa ukatembea kutoka tundu la bolti hadi karibu na tundu la mkono, urefu wa kidole cha shahada. Ringi ile niliipiga rangi nyekundu, nikaitoboa isiweze kutumika tena, nikaipeleka kwenye vyuma chakavu, kwa maana ringi mbovu inayoachwa nyuma ya banda kuna siku itaokotwa na mtu mwenye haraka.

Ukimaliza kukagua, paka rangi ya kuzuia kutu, safu nyembamba. Usiijaze kwenye mfereji, na usiiache nene mahali nati zinapokalia, kwa sababu rangi nene husagika gari likitembea na nati hubaki zimelegea.

Kuvisha

Ingiza tochi ndani ya tairi jipya na mkono nyuma yake. Toa mchanga, vipande vya mbao, na hasa karatasi za nembo zilizobandikwa ndani. Mara moja niliacha karatasi ndogo isiyozidi kiganja, nikaona haina neno. Baada ya kilomita mia chache ikajikunja ikawa kama wembe na kuila tyubu. Nyunyiza poda ndani ya tairi na juu ya tyubu ili mpira usishikane na mpira. Pachika tyubu, itie upepo kidogo tu wa kuipa umbo, kisha ingiza flapu kati yake na mahali ringi itakapopita, ukihakikisha kingo zake hazijakunjika popote na vali imetoka katikati ya tundu lake.

Laza ringi juu ya magogo mawili, mfereji ukiwa juu. Paka sabuni kingo zote mbili za tairi na ringi yenyewe. Nyanyua tairi, elekeza vali kwenye mwanya wake, na lishushe polepole. Kama vali imekaa upande, toa tairi uanze tena sasa hivi, kwa kuwa vali iliyopinda hukatika shingoni, na ikikatika utarudia kazi yote tangu mwanzo.

Tairi likishuka chini ya mfereji, weka pete. Anza na ncha moja ya mkato, ikanyage iingie kwenye mfereji, kisha endelea kuzunguka kwa kisigino na nyundo ya mpira hadi ncha ya pili iingie. Sasa piga magoti uzunguke gurudumu lote kwa tochi. Pete inapaswa kuwa chini kwa usawa ule ule kila mahali, na ncha zake mbili zitazamane kwa mwanya mdogo bila kupandana. Usiridhike na kuona upande mmoja.

Kujaza upepo

Ingiza gurudumu kizimbani. Ng'atisha kichwa cha mpira kwenye vali, rudi nyuma hadi mwisho wa mpira, na usimame mbele ya uso wa kashata za tairi, kamwe usisimame mbele ya pete wala nyuma yake. Ondoa watoto, ondoa jirani aliyekuja kutazama. Fungua koki hadi PSI 10 hivi, funga, na uangalie kwa macho kutoka hapo ulipo. Pete imekaa? Mwanya wa ncha haujabadilika? Kama kuna sehemu imenyanyuka, hata milimita tatu, toa upepo wote, chomoa sindano ya vali, na ndipo usogee. Hapa ndipo penye kishawishi kikubwa kuliko vyote. Pete imekaribia kukaa, upepo ni kidogo, nyundo iko mkononi, na pigo moja dogo lingetosha. Pigo hilo dogo ndilo linalowaua mafundi wenye uzoefu wa miaka mingi. Pete yenye upepo nyuma yake haigongwi. Haiguswi.

Huku nyumbani Afrika Mashariki nimeona mafundi wa pancha wakipitisha mtaimbo kwenye matundu ya ringi, au wakilifunga gurudumu mnyororo, au wakiligeuza pete ikae chini kisha mmoja wao akalikalia. Mnyororo mnene uliozungushwa mara kadhaa ni afadhali kuliko mikono mitupu, lakini si kizimba. Kulikalia nisingependa hata kulieleza.

Pete ikiwa sawa, endelea kujaza kwa vituo, ukisimama kila PSI 15 na kutazama, hadi ufike kiwango cha kukaza tairi ambacho mtengenezaji amekiandika, bila kukivuka. Kisha fanya jambo linaloonekana la kupoteza muda: toa upepo wote na ujaze upya. Tyubu inapojaa mara ya kwanza huburuzwa na tairi na kubaki na mikunjo. Ukiitoa upepo hujinyoosha, na mara ya pili hukaa vizuri. Mwishoni weka upepo unaolingana na uzito wa gari lako kwa jedwali la tairi, acha gurudumu kizimbani kwa dakika kadhaa, na upake maji ya sabuni kwenye vali kutafuta mapovu.

Kurudisha kwenye gari

Safisha uso wa habu na nyuma ya ringi. Tope lililobanwa hapo hugeuka vumbi baada ya safari moja, na nati zote hulegea kwa pamoja. Ukiwa umeacha pacha, hakikisha nati unazotumia nyuma ni za gurudumu moja na zinakaa kikamilifu kwenye kitako chake cha mviringo; nati iliyokusudiwa kubana ringi mbili haibani moja kwa namna ile ile. Zikaze kwa kuruka, kutoka nati moja hadi ile inayoikabili, kwanza kwa mkono, kisha nusu ya mkazo, kisha mkazo kamili gari likiwa limeshushwa. Kiwango cha mkazo kisome kwenye kitabu cha gari, ambacho kwa familia hii ni mfululizo wa TM (kitabu cha ufundi cha jeshi) 9-2320-361, na utumie spana ya kupimia mkazo, si kukadiria kwa uzito wa mwili.

Kabla ya kutoka barabarani, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto, gari likiwa limesimama kisha likitembea taratibu, na mtu mwingine aangalie kama tairi linagusa springi, mpira wa breki au bodi. Panda na gurudumu moja la mbele juu ya gogo, urudie kipimo hicho, kwa sababu tairi lisilogusa kwenye lami linaweza kugusa ekseli ikipinda.

Usukani wa M35A2 hauna msaada wa haidroliki, na utauhisi mzito zaidi kuliko ulivyokuwa, hasa wakati wa kuegesha. Breki nazo zinashika tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi, kwa hiyo anza kusimama mapema. Geji ya mwendo itaonyesha pungufu: ikisema maili 50, wewe uko karibu na 53. Kwa gari ambalo mwendo wake wa juu kabisa lilipotoka kiwandani ulikuwa maili 56 kwa saa, ongezeko hilo linapendeza, ila polisi hatakubali hesabu hiyo kama kisingizio.

Safari ya kwanza iwe fupi, kilomita 10 hivi. Rudi, gusa kila habu na kila ubavu wa tairi kwa nyuma ya kiganja. Lenye joto kupita wenzake lina tatizo, na kwa kawaida ni upepo mdogo au tyubu iliyokunjamana. Kaza nati upya baada ya kilomita 80, na tena baada ya 160. Kwenye gari langu, nati mbili za gurudumu la nyuma kushoto zilisogea robo mzunguko katika ukaguzi wa kwanza, na katika wa pili hazikusogea. Na kila asubuhi kabla ya kuondoka, pima upepo. Tairi likikutwa limeshuka hadi asilimia 80 ya kiwango chake au chini ya hapo, usiliongeze upepo likiwa garini. Chomoa sindano, livue, lifungue, na ukague pete kwanza, kwa kuwa tairi lililotembea bila upepo wa kutosha huenda limeisogeza.